Nimetoka semina ya bankrapsi (kufilisika) ya wafanyakazi wa krediti yunioni huku Marekani, kumbe wanaotuponza siyo watu wa madeni

MdaiMpole (mleta uzi):

Wakuu heshima kwenu. Kuna uzi mmoja humu niliahidi nikitoka kwenye lile kongamano nitaleta mrejesho, watu mmenisumbua inbox hadi basi, haya ndio huu hapa. Hii siyo chai na pia siyo ushauri wa kisheria, mwenye kesi yake amtafute wakili, mimi ni mtu wa kitengo cha madeni tu.

Kwa ambao hawajui, krediti yunioni ni saccos ya huku. Sheria yake ya shirikisho ni ya mwaka 1934, wanachama ndio wenye chombo, haiendeshwi kwa faida, na akiba ya mtu ina bima hadi dola 250,000. Kwahiyo mwanachama akifilisika hapo ndipo utamu unapoanzia, maana aliyekukopa na hataki/hawezi kulipa ndiye huyohuyo bosi wako mwenye kura kwenye mkutano mkuu. Benki haina hiyo shida.

Sasa kongamano lenyewe. Ukumbi umejaa watu wa kudai madeni, yaani ukitupia jicho meza zote ni kolekta, kolekta, meneja wa kolekta, wakili mmojammoja. Nilitegemea tutafundishwa mbinu za kuokoa mkopo mahakamani. Tulifundishwa, ndio, nitakuja huko. Lakini sehemu iliyonishika ni asubuhi ya kwanza, wakili mmoja anayewakilisha wadai akarusha ukutani karatasi ya kumbukumbu za akaunti, zile noti tunazoandika kwenye mfumo kila mtu akipiga simu au akija kaunta. Majina yamefutwa kwa wino mweusi. Mstari wa kwanza umeandikwa hivi (natafsiri kwa kumbukumbu): mwanachama amesema amefaili (yaani kapeleka ombi la kufilisika mahakamani), nimemwambia mkopo wa gari bado unadaiwa, ataleta Ijumaa. Mstari wa pili Ijumaa malipo yamepokelewa kaunta. Mstari wa tatu mfumo umetuma ujumbe wa kumkumbusha salio. Wa nne mfumo umehamisha pesa toka akiba kwenda mkopo wa kadi. Ndio kwanza mstari wa tano barua ya mahakama imepokelewa na kitengo cha madeni, akaunti imefungiwa mawasiliano.

Akauliza, kosa liko mstari gani? Ukumbi ukabishana kama mpira. Yule bwana akatulia wee halafu akasema kolekta kaingia mstari wa tano, makosa yote yako juu yake, na hakuna kolekta hata mmoja aliyeyafanya.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema kwenye huu uzi mzima: semina za bankrapsi zinapelekewa watu wa madeni ambao tayari wana uoga wa kutosha, wakati wanaovunja sheria kila siku ni kaunta, kol senta na kompyuta. Tunawapeleka waliokwisha okoka wakaokolewe tena.

Naendelea chini, msiquote uzi mzima tafadhali.

---

MdaiMpole:

Tuanze na lile zuio maana kila kitu kimejengwa juu yake. Mtu akifaili tu, dakika ileile jalada linapopokelewa mahakamani, linaanza zuio la moja kwa moja, kifungu cha 362 cha sheria ya kufilisika. Hakuna jaji anayesaini chochote, linajiwasha lenyewe. Kuanzia hapo hakuna kupiga simu kudai, barua ya kudai, kesi, kukata mshahara, kuvuta gari, wala kukata akiba yake kufidia deni. Watu wengi (na mabosi wengi) wanadhani linaanza barua ikifika ofisini. Hapana. Barua inachukua siku kadhaa, na mara nyingi inakwenda kwenye ile sanduku ya posta ya kupokelea hundi za malipo kwasababu ndio anwani iliyopo kwenye stetimenti ya mwanachama, inakaa huko inazeeka. Zuio halisubiri posta.

Ukifanya kitu kabla hujajua, hulipi fidia lakini ni lazima ukirudishe kama kilivyokuwa, pesa irudi, gari lirudi. Ukifanya huku unajua, hapo mwanachama anadai hasara yake, gharama za wakili wake, na jaji akikasirika anaongeza ya kukuadhibu. Na kujua siyo lazima uwe na karatasi. Akikwambia kwa mdomo kaunta "mimi nimefaili" basi chombo kizima kimejua. Siyo wewe keshia umejua, CHOMBO kimejua. Hapo ndipo ukumbi ulinyamaza.

Kile kikao cha mchana tukaigiza. Mmoja anakuwa mwanachama kapiga simu, mwingine anajibu. Dada mmoja wa kol senta (wachache sana walikuwepo, nahisi alikuja kujaza nafasi ya mtu) akapewa ajibu simu ya mtu anayesema nimefaili chapta 7 lakini gari nalitaka, nilipe shilingi ngapi nisivutiwe. Swali la kawaida kabisa hilo, mnalipata kila wiki. Akajibu vizuri kwa heshima zote: salio lako ni hili, umechelewa mwezi mmoja, ukilipa leo tunafuta ile faini. Makofi. Mwezeshaji akasema asante, hapo umeshadai, "ukilipa leo" ni kudai, na kumwekea zawadi ya kufuta faini ni kumsukuma.

Sasa msinielewe vibaya, mtu aliyefilisika anaruhusiwa kulipa deni lake kwa hiari hata kama limefutwa, sheria inasema wazi. Unapokea, unatoa risiti, unanyamaza. Akiuliza salio unamtajia. Kiini ni nani kaanzisha na nani kasukuma.

---

Kijukuu_cha_Bibi:

Nimeweka kambi hapa. Mkuu samahani kwa swali la kijinga, chapta 7 na 13 tofauti yake nini maana mnazitaja kama mistari ya msahafu

---

MdaiMpole:

@Kijukuu swali zuri wala siyo la kijinga. 7 ni ile ya kufuta, trasti (msimamizi wa kesi na mali za mfilisika) anaangalia kama una mali ya kuuza isiyolindwa na sheria, mara nyingi hakuna, madeni yasiyo na dhamana yanafutwa ndani ya miezi michache umemaliza. Kuipata lazima upite kipimo cha kipato ukilinganishwa na kipato cha kati cha jimbo lako. 13 ni ya kulipa kwa mpango, miaka 3 hadi 5, unampelekea trasti kila mwezi yeye anagawa kwa wadai. Anayetaka kuokoa nyumba iliyobakiza hatua mbili kuuzwa kwa kawaida anakimbilia 13.

Halafu shika hili, kwenye 7 deni la mtu ndilo linakufa, dhamana haifi. Gari ulilokopea likiwa na jina la chama kwenye kadi yake, chama hakiwezi kukudai wewe hata senti baada ya kufutiwa, ila gari lenyewe bado limeshikwa. Watu wanachanganya sana hapo, wanakuja kaunta na ile hati ya kufutiwa madeni wanataka wapewe kadi ya gari mkononi. Hapana jamani.

---

mzee_wa_riba:

Yaani nyinyi mnafundishana namna ya kuwabembeleza wakwepa madeni. Mtu anakopa, anakula maisha, anajaza fomu, kwisha. Sisi tunaolipa kila mwezi ndio wajinga. Mngefundishwa namna ya kuwabana basi tungesema semina imezaa matunda.

---

MdaiMpole:

@mzee_wa_riba mzee wangu shikamoo, kubana kupo tena kumeandikwa. Mtu akitumia kadi kununua vitu vya anasa ndani ya siku 90 kabla ya kufaili, au akichota keshi kwenye kadi ndani ya siku 70, kuanzia kiwango fulani sheria inachukulia moja kwa moja kwamba alikusudia kutokulipa, mzigo unahamia kwake. Ila chama lazima kifungue shauri ndani ya siku 60 toka tarehe ya kwanza iliyopangwa ya kikao cha wadai, ukilala umelala. Na aliyefutiwa kwenye 7 hapati tena 7 nyingine mpaka miaka 8 ipite toka alipofaili ile ya kwanza. Lazima pia akae darasa la ushauri wa madeni kabla ya kufaili na darasa lingine la kusimamia pesa baada ya kufaili. Ada ya mahakama kwa 7 ni dola 338, kwa 13 dola 313, hapo wakili bado.

Halafu niseme ukweli wangu, mimi nimekaa kwenye hii kazi, wakwepaji wa kusomea nawajua na ni wachache. Wengi wanaokuja na karatasi ya mahakama ni ugonjwa, talaka, au kazi imeisha. Unawaona usoni.

---

Bi_Kaunta:

Mkuu umenigusa mimi mwenyewe nipo kaunta mwaka wa tatu huu sijawahi kupelekwa semina yoyote ya haya mambo, tunaletewa ile video ya dakika kumi ya mtandaoni unabonyeza next next next unajibu maswali unapewa cheti. Halafu mwanachama akisema amefaili mimi nilifundishwa na niliyemkuta kwamba nimwambie "sisi hatujapata barua". Kumbe ndio tunakoroga? Na nifanyeje sasa, maana foleni iko nyuma yake na supavaiza ananitolea macho

---

MdaiMpole:

@Bi_Kaunta dada yangu hilo "hatujapata barua" lilitajwa kwa jina kabisa kwenye semina kama sentensi ya kufutwa kwenye kaunta zote, maana likiandikwa kwenye noti ndio ushahidi kwamba uliambiwa ukapuuza.

Tulichoelekezwa ni kifupi tu hata foleni haisimami. Unamwambia asante kwa kunijulisha, namba ya kesi unayo? Kama hana, uliza jina la wakili wake na amefaili mji gani. Unaandika neno kwa neno kwenye noti pamoja na saa, unapeleka kwa mtu wa madeni hapohapo siyo jioni. Humshauri chochote, humwambii lipa wala usilipe, wala humpi moyo kwamba "gari utabaki nalo usijali" maana na hiyo nayo imeshaleta kesi. Mtu wa madeni anaingia kwenye PACER, ule mfumo wa majalada ya mahakama za shirikisho, senti 10 kwa ukurasa, ndani ya dakika mbili anajua kama kweli na ni chapta gani. Ikiwa siyo kweli unaendelea na kazi. Dakika mbili!! Afu chama kinaona bora kisubiri posta.

Na usiogope supavaiza, mwambie hili swala linaweza kugharimu mishahara ya wakili wa mtu mwingine, ataelewa lugha hiyo.

---

wakili_mtarajiwa:

Uzi mzuri. Naongeza moja kuhusu akiba maana mleta uzi kasema haruhusiwi kukata akiba, kweli, lakini KUSHIKILIA akiba ni kitu kingine. Mahakama ya Juu mwaka 1995 kwenye kesi ya Citizens Bank of Maryland dhidi ya Strumpf ilisema mdai akiizuia pesa kwa muda huku akienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuikata, hajavunja zuio. Pia kwa magari, mwaka 2021 kwenye City of Chicago dhidi ya Fulton wakasema kuendelea tu kukaa na gari lililokamatwa KABLA ya kufaili siyo uvunjaji wa kile kifungu kidogo cha 362(a)(3).

---

MdaiMpole:

@wakili_mtarajiwa umenena, na zote mbili zilizungumzwa kwa kirefu. Ila mwezeshaji wetu alitoa tahadhari kwa zote, ngoja nizilete kama alivyozitoa maana watu wakisikia "tumeshinda Mahakama ya Juu" wanarudi ofisini na mabega juu.

Strumpf: neno kubwa ni kwa muda. Unashika, halafu unakwenda mahakamani chapchap kuomba. Yule benki wa Strumpf alipeleka ombi siku chache tu baada ya kushika. Sasa kuna vyama vinashika akiba ya mtu halafu hawaombi chochote wanakaa tu wanasubiri mwanachama alegee, hiyo siyo kushika tena hiyo ni kudai kwa mlango wa nyuma. Na usishike zaidi ya unachodai, na kitu kinachoingia baada ya tarehe ya kufaili, mfano mshahara wa wiki inayofuata, hicho usikiguse kabisa kwasababu deni lako ni la kabla na pesa ni ya baada, hazikutani.

Fulton: mahakama imejibu kipengele kimoja tu. Vipengele vingine vya zuio haikuvigusa, na kifungu cha 542 cha kurudisha mali kwenye fungu la mali za mfilisika kipo palepale. Kwahiyo gari umelivuta jana, mtu kafaili leo, wakili wake kapiga simu, ongea naye. Usimwambie Fulton Fulton.

---

Kijukuu_cha_Bibi:

"Usimwambie Fulton Fulton" 😂😂 hii naiweka kwenye stetasi

---

MdaiMpole:

Haya sasa tuingie kwenye ile mikataba ya kuendeleza deni, ambapo krediti yunioni zina upendeleo ambao nadhani hata wafanyakazi wengi hawaujui. Mtu yuko kwenye 7, gari analitaka, anaweza kusaini mkataba wa kulirudisha deni mabegani kwake kana kwamba hakufaili, kifungu cha 524. Lazima usainiwe kabla hajafutiwa, unapelekwa mahakamani, na ana haki ya kugeuza mawazo hadi siku 60 tangu upelekwe au hadi atakapofutiwa, ipi inayochelewa zaidi.

Kwa benki ya kawaida, kama bajeti ya mtu inaonyesha akishalipa matumizi hakibaki cha kutosha kulipa hilo deni, mahakama inachukulia kwamba mkataba utamuumiza na jaji anaukagua. Kwa krediti yunioni hiyo dhana HAIPO, sheria imetuondoa kwa jina. Mtu ana wakili, wakili kasaini, mkataba umepelekwa, umepita. Asiye na wakili ndio jaji lazima auidhinishe.

Hapa ndipo palizuka ugomvi wa heshima. Jamaa mmoja meneja akasema huu ni mtaji, kila anayetaka gari asainishwe na hapohapo umuunganishie na deni la kadi maana mikataba yetu mingi ina kile kipengele kwamba gari linadhamini mikopo YOTE ya mwanachama. Yaani mtu anadhani amemaliza gari kumbe gari limeshika na kadi. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akasimama akamwambia sisi kwetu tuliacha, tulikuwa tunaandikisha watu mikataba wakashindwa miezi sita baadaye, tukavuta gari, tukaliuza hasara, salio tukamdai mtu ambaye hapati tena 7 nyingine mpaka miaka minane ipite. Tulishinda nini?

Mimi niko upande wa huyo mama kwa asilimia zote. Upendeleo tumepewa kwa hoja kwamba tunawajua wanachama wetu. Sasa kama unamjua na unaona kabisa bajeti inasoma hasi, unamsainisha ili iweje? Kuna ruhusa ya kumwachia aendelee kulipa kwa hiari gari likiwa dhamana bila kumrudishia deni mwilini, na kuna njia ya kulikomboa kwa kulipa thamani ya gari kwa mkupuo kifungu cha 722 ingawa mwenye hiyo pesa kafaili ya nini. Ila naelewa huyo meneja naye ana namba za kupeleka kwa bodi.

---

mzee_wa_riba:

Huyo mama angekuwa kwenye bodi yetu tungefunga chama mwaka mmoja

---

Ng'ombe_wa_Maskini:

Mimi nina swali la kwangu binafsi kabisa. Nilimdhamini rafiki yangu mkopo wa gari, tumesaini wote wawili. Nimesikia anataka kufaili. Mimi nakuwaje, na mimi zuio linanilinda?

---

MdaiMpole:

@Ng'ombe pole sana ndugu yangu. Inategemea na chapta. Akienda 13, kuna zuio maalum kwa wadhamini, kifungu 1301, kwa madeni ya matumizi ya mtu binafsi, chama hakikugusi wakati mpango unaendelea isipokuwa kikiomba ruhusa, na kinaweza kupewa kama mpango wake haulipi deni lote. Akienda 7 HAKUNA cha kukulinda, deni lake likifutwa lako liko palepale, simu zitahamia kwako kesho yake. Ongea naye kabla hajafaili, siyo umzuie, ila mjue gari linabaki kwa nani na nani analipa. Kitu kingine, kama alikuwa anakulipa wewe pesa zozote za deni lenu la pembeni kabla ya kufaili, mwambie amweleze wakili wake wazi, maana trasti huwa anatazama malipo ya siku 90 nyuma, kwa ndugu wa karibu mwaka mzima.

Na wewe mwenyewe kaone wakili, siyo mimi.

---

Bi_Kaunta:

Trasti huyo anatazama na sisi chama au anatazama watu tu?

---

MdaiMpole:

@Bi_Kaunta anatutazama vizuri sana na hapa ndipo watu wa mikopo walipaswa kuwepo, nao hawakuwepo.

Ukikopesha gari lazima jina la chama liingie kwenye kadi ya gari ndani ya siku 30 toka mtu achukue gari. Karatasi zikikaa kwenye droo ya afisa mikopo au dila wa magari akazembea, ukasajili siku ya 40, mtu akafaili ndani ya miezi mitatu inayofuata, trasti anaifuta dhamana yako. Gari linauzwa kwa faida ya wadai wote na wewe unapanga foleni na kampuni za kadi. Mwezeshaji mmoja aliwahi kuwa trasti, anasema jalada likimfikia kitu cha kwanza anaangalia tarehe mbili hizo, ya gari kuchukuliwa na ya dhamana kusajiliwa, kabla hata hajasoma jina la mtu. Alisema huku anatabasamu, mimi sikutabasamu.

Kwenye 13 nako kuna ile ya siku 910. Gari la matumizi binafsi lililonunuliwa kwa mkopo wako ndani ya siku 910 kabla ya kufaili, mtu hawezi kulishusha deni hadi thamani ya gari, analipa deni lote. Sasa krediti yunioni tunapenda ile biashara ya kuhamisha mkopo wa gari toka benki nyingine kwa riba ndogo, na huo mara nyingi hauhesabiki kama mkopo wa kununulia, ulinzi wa 910 haukuhusu. Na riba kwenye mpango inaweza kubadilishwa, toka kesi ya Till ya 2004 wanachukua riba ya msingi ya mabenki wanaongeza kama asilimia 1 hadi 3, haijalishi mkataba wako ulisema 18.

Tarehe ya mwisho ya chama kupeleka madai yake mahakamani: kwenye 13 fomu ya kudai, namba 410, iwe imeingia ndani ya siku 70 toka kufaili. Hata kama una dhamana jaza. Kwenye 7 isiyo na mali notisi yenyewe inakwambia usijaze mpaka uambiwe.

---

Fundi_Data:

Mimi ndio huyo "kompyuta" mnayemlaumu 😅 nafanya kazi upande wa mifumo kwenye krediti yunioni moja. Ni kweli hatuitwi. Tunaletewa tiketi "weka alama ya bankrapsi kwenye akaunti namba fulani" basi, hakuna anayesema ile alama izime nini. Nikiangalia mfumo wetu alama ya bankrapsi inazuia barua za kuchelewa tu. Meseji zinatoka kwa kampuni nyingine, ile programu ya simu inatuma arifa zake, makato ya otomatiki yako moduli nyingine, na kuna simu za roboti za kampuni ya tatu ambazo listi yake inatoka usiku. Kwahiyo mtu anaweza kuwa na alama nyekundu kila mahali na bado saa mbili asubuhi roboti inampigia.

---

MdaiMpole:

@Fundi_Data wewe ndiye nilikuwa nakutafuta kwenye uzi huu!! Ile karatasi ya ukutani mistari miwili kati ya minne ya makosa ilikuwa kazi ya mfumo. Hebu nisaidie, ingekuwa wewe umekaa ule ukumbi ungesema nini?

---

Fundi_Data:

Ningesema alama isiwekwe kwenye akaunti iwekwe kwa MTU. Mfano mume kafaili mke hajafaili, wana akaunti ya pamoja, mkopo wa gari wa mume, mkopo wa mke peke yake, na kadi ambayo wote wamesaini. Ukiweka alama kwenye namba ya uanachama ya mume, kadi iliyo chini ya namba ya mke inaendelea kumtumia meseji mume kwasababu simu yake ndio iliyoandikwa pale. Ukiweka kwenye vyote, mke ambaye hajafaili hapati stetimenti anachelewa kulipa mkopo wake mwenyewe halafu mnamripoti, hiyo nayo kesi nyingine.

Pili alama iwe na chapta na tarehe ya kufaili, siyo ndio/hapana. Kama alivyosema mdau juu, 13 ina mdhamini wa kulindwa, 7 haina, mfumo utajuaje kama kisanduku ni kimoja?

Tatu, siku kesi ikifutwa na mahakama bila mtu kusamehewa madeni, nani anatoa alama? Kwetu zipo alama za zamani hakuna anayejua kama mtu alifutiwa deni au kesi ilitupwa. Kolekta anaogopa kugusa, mkopo unakufa.

---

wakili_mtarajiwa:

Hiyo ya tatu muhimu. Na kinyume chake pia, aliyefutiwa deni, zuio linaisha lakini linachukua nafasi amri ya kudumu ya kutomdai. Mwaka 2019 kwenye Taggart dhidi ya Lorenzen walisema mdai anakuwa amedharau mahakama kama hakuna msingi wa haki wa kutilia shaka kwamba alichofanya kimekatazwa. Kompyuta yenye alama isiyosomeka siyo msingi wa kutilia shaka, jaji hatakuelewa.

---

Bi_Kaunta:

Kwahiyo nikiona alama ya zamani kwenye skrini nifanyeje

---

MdaiMpole:

@Bi_Kaunta usiitafsiri wewe. Mhudumie kawaida anachotaka, weka pesa, toa pesa, na usiguse habari ya deni, tuma kwa mtu wa madeni aangalie PACER kesi iliishaje. Mwanachama aliyetuletea hasara chama kinaweza kumnyima mikopo na huduma nyingine kama sera ya bodi inasema hivyo, ila akaunti yake ya hisa na kura yake vinabaki, kwahiyo usimfukuze kaunta kama alivyofanya mtu mmoja tuliyehadithiwa.

@Fundi_Data naomba hayo matatu uniandikie vizuri kwenye ukurasa mmoja, Jumatatu nina kikao cha kutoa ripoti ya semina na mtu wetu wa mifumo nimemwalika, meneja kaniuliza huyu anakuja kufanya nini.

---

Fundi_Data:

Nakutumia leo usiku. Mwambie meneja aangalie listi ya roboti ya jana, aihesabu mwenyewe wenye alama wako wangapi humo.